Akidi ndani ya damu: jinsi vimelea vya malale vinavyoarifiana kwamba vimetosha

#1 Mpima Damu (mleta mada)

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Kwa miaka mingi nilifanya kazi ya kupima damu ya mifugo katika vijiji vinavyopakana na mapori ya Saadani na Wami. Unatoboa mshipa mdogo wa sikio la ng'ombe, unapokea tone la damu kwenye kioo, unalifunika kwa kioo chembamba, na kabla halijakauka unaliweka chini ya hadubini. Kimelea cha nagana, yaani malale ya mifugo, hukioni mara moja. Unachokiona kwanza ni chembe nyekundu za damu zikisukumwasukumwa, kama watu sokoni wanaompisha mtu anayekimbia, ndipo unapotambua kwamba katikati yake kuna kitu chembamba kinachojipindapinda bila kutulia.

Kilichonisumbua katika kazi ile ni hesabu. Ng'ombe yuleyule, ambaye hajapewa dawa yoyote, wiki hii damu yake imejaa vimelea, na wiki inayofuata ninahamisha kioo pale kwenye hadubini mpaka macho yanauma bila kuona hata kimoja, kisha baada ya siku chache vimerudi kwa wingi. Wafugaji waliniuliza sababu, nami niliwajibu kama nilivyofundishwa, kwamba mwili wa mnyama unapigana. Jibu hilo halikuwa la uongo, ila lilikuwa nusu ya jibu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Nianze na nusu inayojulikana. Trypanosoma brucei, kimelea kinacholeta malale kwa binadamu na kuchangia nagana kwa mifugo, ni kiumbe cha chembe moja chenye urefu unaokaribia sehemu ya hamsini ya milimita, nacho huenezwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mwili wake wote umevikwa vazi la protini, takribani molekuli milioni 10 za aina moja zilizobanana. Kinga ya mwili hulitambua vazi hilo na kuviua vimelea vilivyolivaa, lakini vichache huwa vimekwisha kubadili vazi, na hivyo ndivyo vinavyozaana na kuleta wimbi jipya. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson walihesabu vimelea katika damu ya mgonjwa mmoja wa malale huko Liverpool siku baada ya siku, wakachora mchoro wa kupanda na kushuka ambao hadi leo huchapishwa vitabuni.

Sasa fikirini hesabu hii. Kimelea hiki kikiwa katika umbo lake la kuzaana hujigawa takribani kila baada ya saa 6, yaani mara 4 kwa siku. Kama kimoja kingejigawa bila kizuizi kwa siku 10, vingekuwa zaidi ya trilioni moja, na mnyama angekufa kabla hata mbung'o hajapata nafasi ya kumuuma. Mnyama aliyekufa haumwi na mbung'o, na kimelea ambacho hakikunyonywa na mbung'o safari yake imeishia hapo. Kwa hiyo ipo sababu ya kimelea chenyewe kujizuia, mbali kabisa na kinga ya mwili.

Muriel Robertson, mtaalamu kutoka Uingereza aliyefanya kazi nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1910, katika nchi iliyokuwa imetoka kupoteza watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 kwa malale, aliona kwamba vimelea ndani ya damu si vya umbo moja. Vipo virefu vyembamba, na vipo vifupi vinene vilivyo kama vigutu. Nitaviita vyembamba na vibutu ili tusipotezane. Robertson alieleza kwamba vibutu ndivyo vinavyoendeleza maisha ndani ya mbung'o. Vyembamba hujigawa, ilhali vibutu vimeacha kabisa kujigawa na vimejiandaa kwa safari: vimeanza kuiamsha mitambo ya ndani ambayo itaviwezesha kuishi katika tumbo la mbung'o, ambako sukari ni haba. Visiponyonywa na mbung'o hufa vyenyewe baada ya siku chache.

Swali ni hili: kimelea chembamba hujuaje kwamba wakati wa kuwa kibutu umefika? Hakina macho wala ubongo, na kila kimoja kinaogelea peke yake katika mto wa damu. Mwaka 1997 watafiti nchini Ujerumani, miongoni mwao Erik Vassella na Michael Boshart, waliwaonyesha wenzao jambo lililo wazi sana likishaelezwa. Walivikuza vimelea kwenye chupa, bila mnyama na bila kinga yoyote ya mwili. Vilipokuwa vichache viliendelea kujigawa, na vilipofikia msongamano fulani viliacha na kugeuka vibutu. Kisha wakachukua maji yale yaliyokuwa na vimelea vingi, wakayachuja, wakawawekea vimelea vingine ambavyo vilikuwa bado vichache. Hivyo navyo vikaacha kujigawa. Ndani ya maji yale kulikuwa na kitu kidogo sana kilichotolewa na vimelea vya kwanza, na vimelea vya pili vilikipokea na kukitii.

Sote tumekaa katika vikao vya kijiji au vya ushirika, na tunafahamu kwamba uamuzi haupitishwi mpaka akidi itimie. Hivi ndivyo navyo vinavyofanya. Kila kimelea hutoa sehemu yake ya kile kitu, na kiasi kinapofikia kiwango fulani ndani ya damu, kila kimelea kinafahamu kwamba akidi imetimia. Tofauti ni kwamba kikao hiki hakina mwenyekiti wala mtu wa kuhesabu vichwa. Wingi wenyewe ndio unaohesabika kupitia kile kinachoachwa ndani ya damu.

Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyejua kitu hicho ni nini. Walikipa tu jina la kichocheo cha ubutu. Mwaka 2014 kundi la Keith Matthews wa Chuo Kikuu cha Edinburgh lilipekua jeni zote za kimelea, likizima moja moja na kutazama ni zipi zikizimwa kimelea hakisikii tena, na likapata mlolongo wa jeni zinazoupitisha ujumbe ndani ya chembe. Mwaka 2019 kundi hilohilo, likiongozwa na Federico Rojas, lilitoa jibu kuhusu ujumbe wenyewe. Ni peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, vingine vya viungo viwili au vitatu tu. Kimelea hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vimeng'enya hivyo hukatakata protini zilizopo kwenye damu, na vipande vinavyotokana na ukataji huo huingia katika vimelea kupitia lango lililo juu ya ngozi yao, ambalo wataalamu wameliita GPR89.

Ninawakaribisha wenye ujuzi na wenye maswali.

#2 Mwalimu wa Somo

Mheshimiwa mleta mada, nakushukuru kwa uzi wenye uzito. Ninafundisha bayolojia kidato cha tano na cha sita, na nina pingamizi moja ambalo nalileta kwa heshima. Moshi unaotoka jikoni kwa jirani hunijulisha kwamba jirani anapika, lakini jirani hajanisemesha. Alikuwa anapika kwa ajili ya watoto wake, na mimi nimesoma tu alama aliyoiacha. Je, vimeng'enya hivyo havikuwa vinatafuta chakula tu, na vipande vya protini vikawa masalia ya mlo? Kama ndivyo, basi neno mawasiliano limetumika kwa ukarimu mno. Kwa bakteria wanaong'aa ndani ya ngisi wadogo wa Hawaii tunaweza kusema wanawasiliana, maana wanatengeneza molekuli maalumu ambayo haina kazi nyingine. Hapa sioni molekuli maalumu.

#3 Mpima Damu (mleta mada)

Mwalimu, pingamizi lako ni la haki na ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mengine. Ninakubaliana nawe kwamba alama na ujumbe ni vitu viwili. Ujumbe unastahili jina hilo pale tu ambapo mtoaji ananufaika kwa kuutoa kwa sababu mpokeaji anaufuata, na mpokeaji ananufaika kwa kuufuata. Moshi wa jirani haupiti kipimo hicho.

Tuutazame basi ushahidi kwa kipimo hicho. Watafiti wa Edinburgh walipovifanya vimelea vitoe baadhi ya vimeng'enya hivyo kwa wingi kupita kawaida, viligeuka vibutu vikiwa bado vichache, kana kwamba vimedanganywa kuwa akidi imetimia. Mwaka 2022, katika kazi iliyoongozwa na Mabel Tettey, waliondoa jeni za vimeng'enya viwili vinavyotawala kazi hiyo, na uwezo wa vimelea kuutoa ujumbe ukapungua sana. Upande wa upokeaji nao ulijaribiwa kwa njia ambayo kwangu ni nzuri kupita kiasi: walichukua lango la kuingizia peptidi kutoka kwa bakteria wa kawaida wa utumbo, bakteria asiye na undugu wowote na tripanosoma, wakalipandikiza kwenye kimelea, na kimelea kikageuka kibutu. Maana yake ni kwamba kinachosikika ni vile vipande vyenyewe vinapoingia ndani; lango ni mlango tu.

Kuhusu mlo, nadhani hapo ndipo jambo linapokuwa la kuvutia zaidi. Huenda mwanzo wake ulikuwa mlo kweli. Lakini kimelea chembamba kinaishi kwa sukari iliyojaa tele katika damu yetu, wala vipande hivyo havikifanyi kizaane zaidi. Vinakifanya kiache kuzaana. Chakula kinachomfunga mlaji uzazi si chakula cha kawaida. Mimi ninauona kama moshi ambao zamani ulikuwa moshi tu, na baada ya vizazi visivyohesabika jirani wakaanza kuuwasha makusudi. Kwa nini hakuna molekuli maalumu? Ninavyoona mimi, kimelea kinachoishi katika mto wa damu iliyojaa protini za mwenyeji wake hakina haja ya kubeba karatasi yake mwenyewe. Kinaandikia kwenye karatasi ya mwenyeji.

#4 Mchunga Ngamia

Ndugu mleta mada, nakuandikia kutoka Marsabit. Huku kwetu hakuna mbung'o, lakini ngamia wanaugua surra, na daktari wa mifugo alinieleza kwamba kimelea chake ni ndugu wa karibu sana wa huyo wa malale. Surra huenezwa na nzi wakubwa wanaouma, ambao hubeba damu mbichi mdomoni kutoka kwa ngamia mmoja hadi mwingine. Swali langu ni kama kimelea cha surra nacho husubiri akidi, kwa maana nimeona ngamia akidhoofika hadi kufa, na sikuona dalili ya kimelea kumhurumia.

#5 Mpima Damu (mleta mada)

Ndugu yangu wa Marsabit, pole kwa mifugo, na asante, maana umegusa mahali penyewe. Kimelea cha surra, Trypanosoma evansi, ni tawi la T. brucei lililoacha kupita ndani ya mbung'o. Nzi wako habebi kimelea kwa siku nyingi wala hakilei. Anakihamisha tu kama sindano chafu inavyohamisha. Kwa hiyo kimelea hakina tena haja ya umbo la safari, na kwa kawaida hakitoi vibutu. Kimebaki chembamba na kinaendelea kujigawa. Hivyo hivyo kwa kile kinachoambukizwa kwa farasi wanapopandana.

Jambo hilohilo limetokea maabara bila mtu kulikusudia. Kwa miongo mingi watafiti walivihamisha vimelea kutoka panya mmoja hadi mwingine kwa sindano, bila mbung'o, wakajikuta na vimelea visivyosikia. Hivyo hujaa katika damu ya panya mpaka panya anakufa baada ya siku chache. Mtu mmoja katika kikao akiamua kutokujali akidi na kuendelea kuzaana huku wenzake wameacha, katika damu ile atawashinda wote kwa idadi. Ila hataondoka humo, kwa sababu mbung'o akija atawachukua wale waliojiandaa. Msiba wa asiyesikia ni kwamba ushindi wake unakwisha na mnyama aliyemo, isipokuwa apate nzi kama wa kwenu au sindano ya mtafiti. Naona huo ni ushahidi mwingine kwa Mwalimu: mahali ambapo mbung'o hayupo, usikivu unapotea, na mahali ambapo yupo, unatunzwa.

Niongeze jambo linalowahusu wafugaji wa ng'ombe. Ng'ombe wa porini kwetu mara nyingi ana aina zaidi ya moja ya tripanosoma kwa wakati mmoja, na T. congolense ndiyo huwa mbaya zaidi kwake. Mwaka 2017 kundi la Edinburgh lilionyesha kwamba T. congolense nayo huhisi msongamano wake, ingawa haina kibutu cha kuonekana kwa macho, na kwamba ujumbe wake unaweza kusikiwa na T. brucei ndani ya mnyama huyohuyo. Aina mbili zinazogombania damu moja zinasikilizana. Je, moja inamnyamazisha mwenzake ili yenyewe iendelee? Nimelifikiria jambo hilo kila nilipokumbuka yale matone ya damu yaliyokuwa na vimelea vya sura mbili, ambayo niliyaandika katika daftari kwa alama moja tu ya kujumlisha.

#6 Binti wa Kisangani

Mzee wangu Mpima Damu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari katika Kongo, nchi ambayo hadi leo inabeba sehemu kubwa ya wagonjwa wa malale duniani, ingawa kwa neema ya Mungu wagonjwa wote wanaoripotiwa barani kwa mwaka wameshuka chini ya 1,000 tangu 2018. Ninaomba nilete upande wa malaria, kwa sababu kimelea chake kina ugumu ambao tripanosoma haina: kimejificha ndani ya chembe nyekundu ya damu, nyuma ya kuta mbili, naye atazungumzaje na mwenzake aliye ndani ya chembe nyingine?

Mwaka 2013 makundi mawili yalitoa majibu yanayofanana. Moja lilikuwa Melbourne, katika maabara ya Alan Cowman, likiongozwa na Neta Regev-Rudzki. Jingine lilikuwa Marekani, la Matthias Marti. Waligundua kwamba chembe nyekundu zenye vimelea hutoa vifuko vidogo mno, ambavyo huelea na kuingia katika chembe nyingine zenye vimelea. Kundi la Melbourne lilichanganya vimelea vya namna mbili: hivi vilipewa jeni ya kustahimili dawa moja, na vile vilipewa jeni ya kustahimili dawa nyingine. Wakamwaga dawa zote mbili, ambazo zingepaswa kuua kila kitu, na bado vikapatikana vilivyopona, kwa kuwa jeni zilikuwa zimesafiri ndani ya vifuko. Makundi yote mawili yaliona pia kwamba vifuko hivyo huongeza idadi ya vimelea vinavyoacha kuzaana na kugeuka kuwa vya kiume na vya kike, yaani vile ambavyo mbu anavihitaji. Ni hadithi ileile ya mbung'o kwa lugha nyingine.

Lakini ninamuunga mkono Mwalimu katika tahadhari yake. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba aina fulani ya mafuta yaliyomo katika damu ya binadamu, ambayo kimelea huyatumia kujenga kuta za chembe zake, yakipungua, kimelea huelekea kugeuka kuwa cha kiume au cha kike. Vimelea vikiwa vingi vitayamaliza mafuta hayo haraka, na kila kimoja kitahisi upungufu. Hapo hakuna aliyesema neno. Ni chungu kimoja kilichoisha, na kila mlaji ameona sakafu ya chungu. Kwa hiyo kwa malaria ninaona mambo mawili yanakwenda pamoja, vifuko na chungu, na sijaridhika na wale wanaoyaita yote mawasiliano.

Vifuko nimevikuta pia kwa Trichomonas, kimelea cha magonjwa ya ngono. Aina yake inayoshika vizuri kwenye kuta za uke hutoa vifuko ambavyo vikiipata aina dhaifu, nayo huanza kushika kwa nguvu zaidi. Hayo ni matokeo ya mwaka 2013 kutoka maabara ya Patricia Johnson huko Los Angeles.

#7 Mpima Damu (mleta mada)

Marahaba, mwanangu. Mfano wako wa chungu umekaa sawasawa, nami nitauchukua. Tripanosoma pia hutoa vifuko, tena hutokana na nyuzi ndefu zinazochomoza kwenye mkia wake wa kuogelea. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba vifuko hivyo vinaweza kumhamishia mwenzake protini inayomkinga dhidi ya damu ya binadamu, ile inayotofautisha kimelea cha malale ya Afrika ya Mashariki na kile kisichoweza kumwambukiza mtu. Vikigusana na chembe nyekundu huziharibu pia, na hiyo ni sababu mojawapo ya upungufu wa damu kwa mgonjwa.

Lakini ninataka nikae kidogo ndani ya mbung'o, kwa sababu huko mambo yanaonekana kwa macho. Vibutu vikifika tumboni mwake vinapata ishara mbili kwa pamoja: baridi, kwani damu imetoka kwenye mwili wenye nyuzi 37 na kuingia kwa mdudu asiye na joto lake mwenyewe, na asidi ya sitriki. Hapo vinavua vazi la damuni na kuvaa lingine. Safari inayofuata huchukua takribani wiki tatu, kutoka utumbo wa kati, kupenya utando unaouzunguka mlo wa damu, kwenda mbele hadi kwenye tezi za mate.

Mwaka 2010 Michael Oberholzer na wenzake katika maabara ya Kent Hill, Los Angeles, waliviweka vimelea vya umbo la mbung'o juu ya ute mgumu kiasi, mahali ambapo vingeweza kuteleza. Walidhani vitasambaa ovyo. Badala yake vilikusanyika, vikasonga kwa makundi, na kutoka katikati vikachomoza kama mikono inayonyooka kwenda nje. Kilichowashangaza ni kwamba mkono wa kundi moja ulipokaribia mkono wa kundi jingine, ulisimama au ukapinda kando kabla ya kugusana. Picha zake zinafanana na mizizi ya mikoko inayokwepana kwenye tope.

Maelezo yalikuja baadaye, hasa kutoka kwa kundi la Isabel Roditi mjini Bern. Vimelea vinapotumia sukari hutoa asidi, na asidi hiyo inasambaa kuvizunguka. Vile ambavyo vimeingia kwa mbung'o karibuni huikimbia asidi, na ndiyo sababu mikono inanyooka kwenda nje na kukwepana. Vile vilivyokaa zaidi huvutwa nayo. Vimelea vilivyoondolewa kimeng'enya kimoja kinachosimamia ishara ndani ya mkia haviwezi tena kuunda mikono hiyo, na vikiingizwa ndani ya mbung'o vinashindwa kupenya ule utando. Kwa hiyo mchezo ule juu ya ute haukuwa kituko cha maabara. Mwanangu wa Kisangani atasema asidi ni moshi wa jikoni, nami sitabishana naye. Hapa alama na ujumbe vimekaribiana mno kiasi kwamba mpaka kati yao siuoni.

#8 Muuguzi Mstaafu

Mzee, heshima kwako. Nilihudumu miaka mingi katika wilaya za magharibi mwa Tanzania ambako malale ilikuwa jambo la kawaida, na ninawakumbuka wagonjwa tuliowachoma melasoproli, dawa yenye arseniki ambayo iliunguza mishipa na ambayo yenyewe iliweza kuua takribani mgonjwa mmoja katika kila 20. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, nami ninamshukuru Mungu kuyaona hayo. Lakini nikisoma uzi huu ninajiuliza: kama ujumbe wa kuacha kuzaana unajulikana kuwa ni peptidi, kwa nini tusimpe mgonjwa ujumbe huo wa kughushi, ili vimelea vyake viache kuzaana na kufa vyenyewe?

#9 Mpima Damu (mleta mada)

Dada yangu, swali lako ni zito na limetoka mahali pa maumivu ya kweli. Wazo hilo wengine nao wamelitaja, nami nilipolisikia mara ya kwanza nilifurahi kama wewe. Kisha nikaona hatari mbili.

Ya kwanza ni kwamba kibutu ndicho kimelea kinachomfaa mbung'o. Ukighushi akidi, mgonjwa wako huenda akapata nafuu, lakini kwa siku kadhaa damu yake itakuwa imejaa vimelea vilivyo tayari kusafiri. Ndani ya wodi yenye nyavu hilo halina shida. Kwa ng'ombe aliye malishoni, katikati ya mbung'o, utakuwa umemgeuza kuwa chemchemi. Unguja isingekuwa na tatizo hilo, kwa kuwa mbung'o wa kule walimalizwa miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliotasishwa kwa mionzi, lakini bara hatujafika huko. Ya pili ni ile niliyomweleza ndugu wa Marsabit. Dawa ya namna hiyo itawanyamazisha wanaosikia, na itawaachia uwanja viziwi. Ingetakiwa kuambatana na dawa inayoua.

Lipo na jambo jingine ambalo nilikuwa nimeliacha makusudi, na si haki kuufunga mjadala bila kulisema. Mwaka 2021 kundi la Markus Engstler la Würzburg lilitangaza kwamba kimelea chembamba nacho kinaweza kuishi ndani ya mbung'o na kukamilisha safari, na kwamba kimelea kimoja tu kinatosha kumwambukiza. Hilo lilitikisa maelezo ya Robertson yaliyosimama kwa zaidi ya miaka 100, na wataalamu wamebishana juu yake. Msimamo wangu ni kwamba halifuti habari ya akidi, kwa maana vimelea bado vinaacha kuzaana vinapokuwa vingi, na hilo peke yake linamwachia mwenyeji uhai mrefu zaidi. Linachofuta ni uhakika wetu kwamba mlango wa kuingia kwa mbung'o ni mmoja.

Tena linaeleza fumbo moja. Wagonjwa na wanyama wengi huwa na vimelea vichache mno katika damu, visivyotosha akidi, na bado mbung'o huambukizwa kutoka kwao. Mwaka 2016 tafiti mbili zilionyesha mahali vinapojificha: kwa panya vilikutwa kwa wingi katika mafuta ya mwili na katika ngozi, na vilikutwa pia katika sampuli za ngozi za watu zilizokuwa zimehifadhiwa zamani nchini Kongo, watu ambao hawakuwa wamegunduliwa kuwa na malale. Mbung'o haumi mshipa mkubwa; anachana ngozi na kunywa damu inayojikusanya pale. Huenda akidi hutimia ndani ya ngozi wakati damu ikipimwa bado haionyeshi kimelea.

Mimi nilikuwa natoboa sikio na kutazama damu. Palipokuwa hapana kitu chini ya hadubini, niliandika kwenye daftari kwamba ng'ombe yule ni mzima, na mwenyewe alimfungua akamrudisha porini jioni hiyohiyo.